Betri Yenye Matundu

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka wa tisini na sita, Serafina, ambaye pale Katindiuka wote humwita Mama Violeth, alifungua kifuniko cha ubavuni cha pikipiki ya marehemu mumewe, akalegeza nati mbili kwa spana namba kumi, akaitoa betri. Aliiweka ndani ya beseni na kuifunika kwa kipande cha gunia, maana maji yake yalikwisha kumtobolea kanga mbili. Mkono wa pili alishika bata watatu waliofungwa miguu kwa ukili. Akafunga mlango, akafanya ishara ya msalaba, akashika njia ya mjini Ifakara kwa miguu. Gari hakulipenda. Akilazimika kupanda hufumba macho tangu linapoondoka, akasali rozari kwa sauti mpaka aambiwe mama, tumefika.

Betri ilikuwa imekufa tangu Alhamisi, saa kumi na moja jioni, katikati ya sentensi.

Sentensi hiyo ilikuwa ya Vitus, mumewe. Vitus alikuwa katekista, akifundisha watoto wa komunyo ya kwanza kigango hadi kigango, yale makanisa madogo ya parokia, mpaka Mkula. Pikipiki ile nyekundu parokia ilimpa ilipokwisha kuchoka, akaifufua mwenyewe. Alifariki Jumanne moja ya mwezi wa saba mwaka uliotangulia. Alianguka penye kona, ukitoka Kiberege kuja Ifakara, karibu na daraja dogo, na Msukuma mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe ndiye aliyemfikisha hospitali saa tisa alasiri, maiti. Msukuma yule alimshusha, akashusha na pikipiki akaiegemeza ukutani, akageuza ng'ombe wake akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza jina. Habari ilimkuta Serafina nyumbani, amerudi asubuhi ile kutoka Kiberege kumtazama dada yake Bernadeta, hata kanga ya safari hajabadili. Watu walimwambia kwamba mumewe alikufa palepale alipoanguka, hakuteseka. Hilo lilimsaidia kulala.

Arobaini ilipopita, mtu mmoja aliyeijua pikipiki alimshauri asiiache betri ikauke. Aongeze maji safi mpaka kwenye mstari. Maji ya kisima siku zile yalikuwa na matope, mvua ilikuwa bado, na maji safi ndani ya nyumba yalikuwa ya namna moja tu: maji ya baraka ya mkesha wa Pasaka, dumu la lita tano, urithi wa katekista. Serafina alifikiri kidogo. Baraka haiwezi kudhuru chuma. Betri ya volti sita ina matundu matatu, akayajaza kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, tundu moja kwa kila jina, akafunga vizibo. Kisha, ili kujaribu kama inafanya kazi, akabonyeza honi mara mbili. Ndivyo Vitus alivyokuwa akipiga kila jioni akifika penye migomba, ili maji ya ugali yabandikwe.

Springi za nyuma zikabonyea. Vitus alikuwa ameketi juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani, anatazama mbele. Alivaa shati jeupe alilozikwa nalo, lenye kifungo cha tatu kisichofanana na vingine, maana Serafina alikishona asubuhi ya maziko na rangi yake haikupatikana.

Serafina akaenda kubandika maji.

Tangu hapo alikuja karibu kila jioni. Hakuteremka, hakula, wala hakugeuka nyuma. Serafina aliweka kigoda nyuma ya pikipiki, pale ambapo angekuwa amekaa kama wangekuwa safarini, akazungumza na mgongo wake. Haikuwa shida. Miaka kumi na tisa alikuwa amezungumza na mgongo ule, kwenda misa na kurudi, na aliujua kuliko uso. Binti yao Violeth alikuwa ameolewa Songea na barua zake zilikuja kwa msimu. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja.

Majirani walizoea. Odilia wa nyumba ya pili, akipita na ndoo kichwani, alisalimia, "Bwana Vitus, habari za huko?" na asipojibiwa aliendelea na safari yake. Vitus hakuwa msemaji hata alipokuwa hai. Alisema neno, akanyamaza, akasema lingine, na sauti yake ilikuwa kali Jumapili, betri ikiwa imetoka kuchajiwa, ikififia kidogo kidogo hadi Alhamisi, kama redio. Jumamosi Serafina aliipeleka mjini kwa fundi Eustaki. Safari moja alijaribu kuianika juani, kama watu wanavyoanika mawe ya redio, ila haikusaidia kitu.

Alhamisi hiyo mambo yaliharibika kwa sababu ya Padri Marcelino. Padri alikuwa amemwomba, baada ya misa ya asubuhi, "Mama, ukimwona Vitus jioni, muulize ufunguo wa kabati la kigango cha Mkula aliuweka wapi. Daftari la ubatizo liko humo na watu wanadai vyeti." Serafina aliuliza, kwa kuwa padri ni padri. Vitus alieleza kwa kirefu: ufunguo haupo juu ya mlango, usidanganyike, uko ndani ya kengele, umefungwa kwa uzi. Maelezo hayo yalikula chaji yote. Kisha, sauti imekuwa nyembamba kama ya mbu, akasema jambo ambalo Serafina hakuliuliza:

"Siku ile sikufa palepale. Nililala majanini mpaka jua likawa utosini. Wa kwanza kupita alikuwa—"

Springi zikainuka.

Serafina alibonyeza honi mpaka kidole kikauma. Usiku ule na uliofuata hakulala. Neno moja tu ndilo lililobaki kwenye ile sentensi, nalo lilikuwa jina la mtu.

*

Duka la Eustaki lilikuwa karibu na stendi, kibanda cha mabati chenye harufu ya asidi na ya ndizi za jirani.

"Shikamoo, Mama Violeth."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo na bata? Mgonjwa ni nani, betri au bata?"

"Betri."

Eustaki alifungua vizibo, akamulika kwa tochi, akanusa. Ndani ya matundu kulikuwa na utando mweupe kama ukoko wa uji. Akaunga waya wenye balbu kwenye vichwa vya betri. Balbu haikuonyesha hata wekundu.

"Umekuwa ukiongeza maji gani?"

"Ya baraka."

Eustaki akatua bisibisi. "Mama, yale maji padri anatia chumvi anapoyabariki. Chumvi inakula sahani za ndani. Nyie watu wa parokia mtanimaliza! Waislamu wananiletea betri za miaka minne, mitano, bado zinanguruma. Za kwenu hazivuki Kwaresima."

"Sikujua kama chumvi ni mbaya."

"Kwa roho si mbaya. Ni kwa betri." Akaifuta mikono. "Halafu wewe huendeshi. Na pikipiki ile inawaka kwa kiki hata bila betri. Unataka betri ya nini?"

"Ya honi."

"Honi peke yake?"

"Mara mbili tu, jioni."

Eustaki aliweka tochi kando. Aliingia nyuma akatoka na betri tatu, akazipanga juu ya meza kama mtu anayepanga mikate. Zote volti sita. Alisema za volti sita zinaanza kuadimika, siku hizi pikipiki zinazoletwa ni za kumi na mbili, na mtu akilazimisha ya kumi na mbili kwenye pikipiki ya zamani ataunguza taa zote na honi pia.

Ya kwanza ilikuwa imetumika. Ilikuwa nzito, imechubuka pembeni, na kwenye kizibo kimoja palikuwa na alama ya rangi ya bluu. Ilikuwa na matundu matatu.

"Hii kwa bata mmoja unaondoka nayo," alisema Eustaki. "Lakini nisikufiche, imerudishwa mara tatu."

"Ina ubovu gani?"

"Haina ubovu. Watu tu wanairudisha."

Serafina alikuwa mtu wa kubana. Aliichukua hiyo.

Nyumbani aliifunga, akaongeza maji ya baraka kidogo tu, akabonyeza honi mara mbili. Springi zilibonyea zaidi ya kawaida, hata gurudumu la nyuma likapapasa udongo. Aliyeketi alikuwa mtu mnene wa makamo, suti ya Kaunda ya kijivu, mwavuli mapajani. Yeye aligeuka.

"Mama, kivuko kinafanya kazi?"

"Shikamoo," alisema Serafina.

"Marahaba. Kivuko kinafanya kazi leo? Nina mkutano Mahenge."

"Maji yamejaa. Wamekifunga tangu jana."

"Basi nitasubiri," alisema yule mtu. Akasubiri. Serafina alimletea maji kwenye kikombe kwa heshima, akayaacha. Alikaa mpaka jua lilipozama, akitazama saa yake, na alipoondoka alisahau mwavuli. Asubuhi mwavuli nao haukuwepo.

Jumatatu Serafina aliirudisha betri, mkononi wale bata wawili waliobaki.

"Alikuwa mnene?" aliuliza Eustaki kabla hajaambiwa neno.

"Mnene. Suti ya Kaunda."

"Huyo ni Bwana Nikodemu, mkaguzi wa shule. Betri hii ilitoka kwenye pikipiki yake. Kila nikimuuzia mtu wa kigango inarudi. Alikukuta na chakula?"

"Hakuomba chakula. Ana mkutano Mahenge."

"Ndiyo, mkutano," alisema Eustaki, akairudisha betri kwenye rafu yake.

Zikabaki mbili. Eustaki aliisogeza mbele ile nyeusi inayong'aa, iliyokuja na kitambaa cha nailoni bado kimeifunika. Alisema imetoka Dar wiki iliyopita. Imezibwa kiwandani. Haiongezwi maji, haivuji, haitoboi kanga.

"Ukiiweka hii unaisahau mpaka uzeeni. Hata ukiamua kuuza pikipiki, mnunuzi akiona hii atachangamka. Mama, mimi nakushauri kama mwanao."

Serafina aliishika. Akaigeuza juu chini, akapitisha vidole pande zote nne.

"Kitu kinaingilia wapi?"

"Hakiingii kitu humo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Ndiyo uzuri wake."

Aliirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake. Ya tatu ilikuwa mpya pia, ya rangi ya maziwa, kiasi cha kuona hadi ndani, kavu, na juu yake vizibo vitatu vyekundu.

"Hiyo," alisema Eustaki, na hakusema kwa furaha, "ni yenye matundu. Nikiijaza asidi nikaichaji kutwa kucha, nawe ukaongeza maji ya mvua peke yake, nakuhakikishia miaka mitatu. Ukiongeza hayo mengine..."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Nne ukiwa na bahati."

Serafina alitazama ile nyeusi, akatazama ile ya maziwa. Nje mpiga debe alikuwa anaita abiria wa Kidatu. Miaka mitatu ya honi isiyomwita mtu, au wiki tatu.

"Nijazie hiyo," alisema, akawasukumia bata chini ya meza.

Kesho yake alipokuja kuichukua aliona kwamba Eustaki amebakiza upungufu wa kidole kimoja katika kila tundu. Hakuwa ameambiwa. Alikuwa akipanga spana zake na hakuinua kichwa.

*

Jioni hiyo Serafina aliifunga betri, akajaza upungufu wa kidole kimoja mara tatu kwa maji ya baraka, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono akabonyeza honi mara mbili.

"—baba msimamizi," alimalizia Vitus, kama mtu aliyekatizwa na kikohozi tu.

Baba msimamizi ni Kasmiri. Ndiye aliyesimama nyuma yao siku ya ndoa, akatia sahihi yake chini ya zao. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala na mwenye pikapu ya kijani, na kila Jumanne hubeba mchele wa watu kutoka mashine ya Kiberege kuleta sokoni Ifakara.

"Alikuwa anatoka mashineni," alisema Vitus. "Akapunguza mwendo. Tukatazamana. Akatazama magunia kwenye kioo, kisha akaongeza mwendo."

"Labda hakukutambua."

"Aliniita jina. Kwa sauti ndogo."

Bata waliobaki uani walipita kati ya magurudumu wakaenda zao. Serafina aliuliza ilikuwa saa ngapi, kwa sababu ilimbidi aulize kitu.

"Saa nne na nusu," alisema Vitus. "Mlikuwa kwenye tendo la nne."

Serafina alitazama kile kisogo alichokijua. Jumanne rozari ni ya matendo ya uchungu, na tendo la nne ni kubeba msalaba. Alikumbuka kiti cha mbele cha pikapu alichokalia akirudi siku ile, kishikizo cha kupandishia kioo kilichovunjika, upepo masikioni. Alikumbuka gari kupunguza mwendo, naye akadhani ni ng'ombe wanavuka barabara, akaminya macho zaidi. Alikumbuka kwamba alikuwa ameomba, katika tendo lile, kwa nia ya wote walio safarini.

"Nilisikia sauti yako ikija," alisema Vitus, "halafu nikaisikia ikienda."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama alivyosema habari ya ufunguo. Baadaye alitaja wengine waliopita: lori moja, baiskeli mbili zenye mkaa, basi. Akasema Msukuma alikuja jua likiwa utosini, akamlaza juu ya majani aliyowakatia ng'ombe wake, na njia nzima alimwimbia kwa lugha asiyoielewa. Alikufa kabla ya kufika mjini, wimbo ukiendelea.

*

Alhamisi sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba ya Serafina. Walikuja watu kumi na mmoja na viti vyao. Pikipiki ilikuwa palepale uani, na waliozoea waliipisha kwa heshima kidogo. Kasmiri alikaa mbele, akavua kofia, akafungua kitabu.

"Baba msimamizi," alisema Serafina, "kabla hatujaanza nina neno."

"Karibu, Mama Violeth."

"Vitus anasema ulimpita pale konani. Anasema alikuwa hai, ukamtaja jina."

Hakuna aliyeshtuka. Odilia alimwondoa mtoto kwenye titi, akamweka bega la pili. Kasmiri alifunga kitabu kwa kidole ndani ili asipoteze ukurasa.

"Ni kweli," alisema. "Mchele ulikuwa wa watu. Damu ikishaingia kwenye gunia haitoki, na nani angenunua? Nami nilifikiri: nishushe mzigo, nirudi. Nilipomaliza kushusha nikasikia Msukuma kamleta." Alisafisha koo. "Halafu wewe ulikuwa ndani ya gari. Ningesimama ungefumbua macho. Niliona nikuepushe."

"Na nyie mlijua?" Serafina aliwageukia wengine.

"Tulijua, mwenzetu," alisema Odilia kwa upole. "Si ndio sisi tuliokuambia hakuteseka?"

Mzee mmoja alisema kwamba Kasmiri hata sanduku alilitoa yeye, mninga mtupu, na msumari haukupinda hata mmoja. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli.

"Ukimwona jioni nisalimie," alisema Kasmiri. Kisha akafungua kitabu penye kidole. "Tusali."

Wakafumba macho wote. Serafina hakufumba. Ilikuwa mara yake ya kwanza katika maisha kuona watu wanavyokuwa wakisali. Odilia alikuna kifundo cha mguu kwa kidole cha mguu wa pili. Mzee wa sanduku alisinzia. Kasmiri alikuwa amefumba kabisa, kwa nguvu, mpaka kope zikatetemeka, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Sauti yake ilikuwa nzuri na haikuyumba. Serafina aliitikia pale panapoitikiwa.

Walipomaliza walikunywa chai. Wakati wa kuagana Kasmiri alisimama kando ya pikipiki, akaigusa betri kwa kucha.

"Mpya?"

"Mpya."

"Nzuri. Jumanne nakwenda Kiberege kama kawaida. Bernadeta hajambo? Kama unataka kumtazama, kiti chako kipo."

"Nitakuja," alisema Serafina.

*

Jumanne alikaa kiti cha mbele, upande wa kioo kisichopanda, rozari mkononi, macho wazi. Aliona vitu ambavyo miaka yote alikuwa amevisikia tu: mashamba ya mpunga yaliyosimama ndani ya maji, korongo weupe, milima ya Udzungwa kwa mbali imevaa mawingu mpaka kiunoni. Ilikuwa njia nzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Walipolikaribia daraja dogo Kasmiri alipunguza mwendo.

Vitus alikuwa amelala majanini kando ya barabara, mguu mmoja juu ya kokoto. Alivaa shati la buluu la kazini. Pikipiki ilikuwa imelala karibu naye na gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka polepole. Aliwatazama walivyokuwa wanakuja.

"Yupo," alisema Serafina.

"Yupo kila Jumanne," alisema Kasmiri. "Ndiyo maana napunguza mwendo."

"Simama, baba msimamizi."

Kasmiri alitazama saa. "Mashineni kuna foleni asubuhi hii, Mama Violeth. Nikichelewa kupima, mchele wa watu utalala nje. Tukirudi. Tukirudi nitasimama."

Akaongeza mwendo. Serafina aligeuza shingo kumtazama Vitus mpaka kona ikamficha. Kumbe uso wake ulikuwa umezeeka kidogo kuliko alivyoukumbuka. Kwa miaka mingi hakuwa ameuona kwa muda mrefu hivyo.

Kwa Bernadeta alikaa saa moja, akala muhogo. Saa nne pikapu ilikuja kumchukua. Nyuma ilikuwa na magunia kumi na mawili, yamefungwa kamba mpya, meupe, safi.

Serafina alianza rozari pale pale njia panda, kama siku zote. Tendo la kwanza likapita, la pili, la tatu. Daraja lilipoonekana alikuwa anaingia la nne. Kasmiri akapunguza mwendo. Vitus alikuwa palepale. Jua lilikuwa limesogea na kivuli cha mguu wake kimefupika. Kasmiri alimtazama, akatazama magunia kwenye kioo, akataja jina kwa sauti ndogo.

"Umesema tukirudi," alisema Serafina.

"Nimesema," alikubali Kasmiri. Mkono wake ulikuwa juu ya gia. "Lakini si unaona mzigo."

Serafina alitafuta kitasa cha mlango, kisha akakumbuka kwamba mlango ule hufunguliwa kutoka nje. Basi alitoa kichwa na bega dirishani, macho wazi, akapaza sauti. Aliisali Salamu Maria kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto, moja baada ya nyingine, huku gari likiongeza mwendo, na hakuishusha sauti mpaka waliposhuka daraja na kona ikafunga nyuma yao. Kasmiri aliitikia kila moja. Alikuwa mwitikiaji mzuri.

Jioni saa kumi na moja Serafina alibonyeza honi mara mbili. Springi zikabonyea. Shati lilikuwa lile jeupe, lenye kifungo kisicho chake.

"Leo ulipaza sauti," alisema Vitus.

"Ulinisikia?"

"Mpaka ng'ambo ya daraja."

Serafina alisogeza kigoda karibu kidogo. Kwenye ile betri ya rangi ya maziwa, ukitazama vizuri, utando mweupe ulikwisha kuanza kujijenga pembezoni mwa tundu la kwanza. Dumu lilikuwa limebaki nusu, na bata wawili walikuwa wanaatamia nyuma ya jiko.

"Unaumia?" aliuliza.

Vitus alifikiri, akitazama mbele kwenye migomba.

"Jumanne tu," alisema.

Serafina akainuka, akaenda kubandika maji.